Umealikwa Kuvua Samaki Juu ya Barafu? Soksi Tatu Hazitakuokoa

Kama una binamu ama beshte Minnesota, lazima ushaona hizo picha. Msee amekaa kwa ndoo katikati ya ziwa lililoganda, ametoboa shimo kwa barafu, anangoja samaki na subira ya mtu anayengoja mat ya mwisho usiku. Sio kiki. Hiyo state ya Marekani ina maziwa zaidi ya 10,000, Wakenya ni wengi pale Minneapolis na mitaa yake, na Januari ziwa kama Mille Lacs hujaa vibanda vya wavuvi mpaka linakaa mtaa. Ukihamia huko, siku moja utaalikwa. Na kitu ya kwanza itakayokufukuza hapo si njaa wala boredom. Ni miguu.

Wengi wetu tuna dawa moja ya baridi: ongeza soksi. Pea mbili, tatu, kisha unasukuma mguu ndani ya buti kwa nguvu. Hapo ndio unajichoma.

Soksi haitengenezi joto, jo. Joto ni lako, na linaletwa vidoleni na damu. Kazi ya soksi ni kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi ili hilo joto lisitoroke. Ukijaza soksi tatu kwa buti la saizi yako ya kawaida, unafinya hiyo hewa yote inaisha, na unabana mishipa hadi damu inapita kwa shida. Umevaa nguo nyingi na bado unaganda.

Fomu ni hii: soksi moja nyembamba ya poliesta ama sufu laini, halafu juu yake moja nene ya sufu. Basi. Pamba achana nayo kabisa, hata kama ndizo soksi zako zote za kila siku. Pamba hunywa jasho na hukauka polepole, na soksi yenye maji hunyonya joto mguuni. Sufu nayo ikilowa kidogo bado inakupa joto. Ukichagua mtumba Gikomba, soma lebo: tafuta neno merino ama wool, na uangalie asilimia.

Jasho usilichukulie poa. Mwaka wa 1950, kwa vita vya Korea, wanajeshi wa Marekani waliopigana kule Chosin walikuwa na buti za mpira na ngozi za kuzuia maji. Wakitembea, miguu ilitoa jasho na likabaki ndani. Wakisimama, hilo jasho likaganda. Wengi waliumia miguu vibaya bila kupigwa risasi.

Kuvua kwa barafu kuko hivyo hivyo. Unatembea ukivuta mzigo, unatoboa shimo, unatoa jasho, kisha unakaa masaa matatu bila kusonga. Kwa hivyo beba pea ya pili ya soksi kavu. Ukimaliza kutoboa, badilisha kabla ya kukaa. Hiyo dakika moja ya kuumia inalipa kuliko buti la bei.

Sasa buti. Gambuti za kawaida zitazuia maji, lakini hazina kitu ndani ya kushika joto. Buti za mjengo zenye chuma mbele ni mbaya zaidi, juu chuma hupitisha baridi haraka. Unachotaka ni buti lenye soli nene, sehemu ya chini isiyopitisha maji, na bitana nene inayotoka, ndio usiku uitoe na kuikausha. Chukua saizi moja juu ya yako. Lijaribu ukiwa na zile soksi mbili: kama huwezi kuchezesha vidole vyote, rudisha kwa rafu.

Halafu ile namba iko kwa boksi, -40 ama ngapi, usiimeze mzima mzima. Ni makadirio ya kampuni, na mtu anayetembea si sawa na mtu amekaa kwa ndoo. Baridi nyingi inatoka chini, barafu ikinyonya joto kupitia soli. Weka kipande cha kapeti ama povu chini ya miguu.

Na hii inatuhusu sisi sana. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha wanajeshi wenye asili ya Kiafrika huumizwa na baridi kwa kiwango cha juu kuliko wenzao wazungu. Kwa hivyo mzungu akikuambia yeye ako sawa, hiyo ni yake. Skiza mguu wako.

Maumivu yakiisha ghafla na vidole vikose hisia, usifurahie. Hiyo ndiyo alarm. Ngozi ikigeuka kijivu ama kupauka, na iwe ngumu kama nta, toka ziwani. Usisugue, na usiweke mguu karibu na moto, kwa sababu hausikii na utaungua. Ukifika ndani, mahali hautaganda tena, tumbukiza mguu kwa maji ya vuguvugu, kama digrii 37 hadi 39, kisha hosi moja kwa moja. Kuna watu wamekatwa vidole kwa kuchelewa tu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha barafu yenyewe inakubeba. Kutembea kwa mguu kunataka angalau inchi 4 za barafu mpya na safi. Uliza wenyeji, na upime.

Kwa hivyo ukipanga bajeti ya winter, anza na miguu kabla ya jaketi la kupiga nalo picha. Na kama kuna msee wako anasafiri, mtumie hii kabla hajafunga bag.