Lubumbashi: Chura wa bustani, afugwe ndani ya ndoo au aachwe uwanjani?

Mvua zinaporudi Lubumbashi, kati ya Oktoba na Novemba, wageni wa zamani huonekana tena ndani ya lupango katika mtaa wa Hewa Bora. Ni vyura wakubwa wa nchi kavu, wenye miguu mifupi na ngozi ya vinundu, wale ambao kwa Kifaransa huitwa crapauds. Usiku hukaa chini ya taa ya barazani wakingojea inswa, yaani kumbikumbi, waanguke. Asubuhi hukutwa chini ya tofali, kando ya kisima au katikati ya lengalenga.

Hapo ndipo watu wa nyumba moja hugawanyika. Kuna mzazi anayekimbilia chumvi au jiwe, kwa kuamini kwamba chura anayeingia nyumbani ametumwa na mlozi. Na kuna mtoto anayemtia kwenye ndoo, anampa jina na kuomba aruhusiwe kumfuga. Chumvi humuua chura kwa kuvuta maji ya mwili wake kupitia ngozi. Lakini ndoo ya mtoto pia huweza kumuua, taratibu zaidi.

Sababu ya kwanza ni maji. Chura hanywi kwa mdomo. Hukaa penye unyevu, na ngozi ya tumbo lake hufyonza maji. Ndoo kavu iliyoachwa juani humkausha kwa muda mfupi. Ndoo iliyojaa maji nayo haifai, kwani chura huyu huishi nchi kavu na huingia majini hasa wakati wa kutaga mayai. Maji ya robine yenye klorini huumiza ngozi yake. Ni bora yaachwe wazi usiku mzima kabla ya kutumiwa, au yatumike maji safi ya mvua.

Sababu ya pili ni chakula. Chura hali bukari, mkate wala wali. Ulimi wake huruka pale tu anapoona kitu kinachotembea: mchwa, panzi, mende, nyungunyungu. Anayetaka kumfuga lazima awe tayari kutafuta wadudu hai kila mara, hata wakati wa kiangazi wanapokuwa haba. Tena wasiwe wadudu waliopuliziwa dawa, kwa sababu sumu iliyomo ndani ya mende huingia pia ndani ya chura.

Wazazi wana wasiwasi wao, na si wote ni wa bure. Chura haleti chunjua mikononi; chunjua huletwa na virusi vinavyotoka kwa mtu hadi mtu. Lakini sumu anayo kweli. Nyuma ya macho yake kuna tezi mbili nene zinazotoa maji meupe kama maziwa anapobanwa. Maji hayo yakiingia machoni huwasha vikali. Mbwa anayemng'ata hutokwa na povu mdomoni. Asafishwe mdomo kwa maji mengi na apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo. Na ingawa kuna aina za vyura wanaoliwa, huyu haliwi: sumu yake hugonga moyo, na kumpika hakuiondoi. Vyura huweza pia kubeba vijidudu vya salmonella, kwa hiyo mtoto aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Hata mabingwa wamepata taabu kufuga vyura. Huko Tanzania, chura mdogo wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja la milima ya Udzungwa, mahali palipolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipopunguza maji hayo mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa katika Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York. Licha ya ujuzi na vifaa vyote, wengi walikufa katika miaka ya mwanzo. Huko korongoni wenzao walitoweka, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa kwa baadhi ya waliokufa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Kizazi cha wale waliofugwa Marekani ndicho kilichorudishwa Tanzania kuanzia mwaka 2010.

Kuvu hiyo ndiyo inayofanya kumhamisha chura kuwe jambo la hatari. Anayemchukua mahali pamoja, akamweka na wengine kisha akamwachia mtaa mwingine, anaweza kuhamisha ugonjwa bila kujua. Chura mwenyewe naye anaweza kuwa tatizo. Aina inayoitwa na wataalamu Sclerophrys gutturalis, inayopatikana pia kusini mwa Kongo, ilipelekwa kisiwa cha Morisi mwaka 1922 na Réunion mwaka 1927 ili ile wadudu. Imezaana huko mpaka leo, ikila pia viumbe wadogo wa visiwa hivyo.

Kwa mtoto anayesisitiza, siku moja au mbili za kumtazama zinatosha. Atumie beseni pana lenye udongo wenye unyevu, majani makavu, kigae cha kujifichia na sahani fupi ya maji, vyote kivulini. Amshike kwa mikono safi iliyoloweshwa, kwa muda mfupi. Kisha amrudishe palepale alipomkuta, jioni.

Lakini ipo njia nyepesi zaidi. Chungu kilichovunjika kikifunikwa kwenye kona yenye kivuli, na sahani ya maji ikiwekwa karibu, chura anaweza kuja kukaa mwenyewe. Usiku atatoka kuwinda wadudu wa mboga bila kumgharimu mtu hata faranga moja. Kiangazi kikifika atajificha chini ya udongo, na watu watadhani amekufa. Mvua za kwanza zikinyesha, mtoto achukue taa aende kutazama chini ya chungu.