Kupandisha Pikipiki Nzito juu ya Stendi ya Katikati

Pikipiki ya chama huegeshwa kwa stendi ya pembeni mara nyingi kwa siku, na hakuna aonaye taabu. Taabu huanza siku gurudumu la nyuma linapopata pancha, au cheni inapotakiwa kutiwa oili. Hapo ndipo stendi ya katikati hutakiwa, na hapo ndipo migongo huumia. Aghalabu huitwa mlinzi wa ghala au karani, naye hushika kiti kwa mikono miwili, hukaza meno na kuinua kana kwamba anabeba gunia. Pikipiki haipandi, au hupanda nusu, ikamponyoka na kuangukia upande wa pili.

Kwa sababu hiyo imezoeleka kusemwa kwamba pikipiki kubwa yataka kijana mwenye misuli. Ikishikiliwa hoja hiyo, katibu mfupi wa kimo, au katibu mwanamke, atanyimwa chombo cha kazi ilhali ndiye atakiwaye kufika kwenye vituo vya ununuzi. Lakini hoja yenyewe haina msingi. Pikipiki ya kazi yenye injini ya sentimita za ujazo 150 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 kabla haijapakiwa kitu. Zile kubwa za safari ndefu, mathalan BMW R 1200 GS iliyotolewa mwaka 2004, huzidi kilo 200 zikiwa na mafuta. Uzito wa namna hiyo haunyanyuliwi kwa mikono, mtu awe na misuli asiwe nayo. Yule aonekanaye kuipandisha kwa urahisi hakuinyanyua, ameikanyagia.

Stendi ya katikati ni chuma chenye miguu miwili, kilichofungwa chini ya fremu kwa pini ambazo juu yake huzunguka. Upande wa kushoto kina ulimi wa kukanyagia. Stendi inaposhushwa, nyayo zake hugusa ardhi nyuma kidogo ya zile pini. Ulimi ukikanyagwa, stendi huwa wenzo: pikipiki hurudi nyuma huku ikipanda, mpaka pini zipite juu ya nyayo na kushuka kidogo upande wa pili, ambako kizuizi huishika stendi. Safari yote hiyo ni ya sentimita chache. Basi mwendo wa pikipiki ni wa kurudi nyuma na juu kwa pamoja, na anayevuta juu peke yake hushindana na jinsi chombo kilivyoundwa. Mtu wa kilo 60, akiuweka uzito wake wote juu ya ulimi, huwa ameifanya sehemu kubwa ya kazi. Mikono huongoza tu.

Kabla ya kuanza, mizigo yote iteremshwe, na pikipiki iwekwe mahali pagumu na tambarare. Injini izimwe na gia iwe huru, maana gurudumu lililofungwa na gia haliwezi kurudi nyuma. Mwendeshaji asimame upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ushike usukani, na wa kulia ushike chuma cha kushikia abiria au fremu chini ya kiti, wala si madigadi ya plastiki, ambayo huvunjika. Ainyanyue pikipiki kutoka kwenye ulalo hadi iwe wima. Stendi ya pembeni, ikiwa ni ya aina isiyojirudisha yenyewe, yafaa iachwe wazi, ili pikipiki ikirudi upande wa mwendeshaji ipate pa kuegemea.

Kisha aishushe stendi ya katikati kwa mguu wa kulia mpaka iguse ardhi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiisikia stendi imegusa, hukanyaga papo hapo, kumbe ni unyayo mmoja tu uliofika chini. Pikipiki hujipinda na kuanguka upande wa pili, ambako hakuna wa kuizuia. Sharti aitikise taratibu kulia na kushoto mpaka ahisi nyayo zote mbili zimekaa. Baada ya hapo anyooshe usukani, asogee karibu na chombo, anyooshe mgongo, na asimame juu ya ulimi kama apandaye ngazi, mkono wa kulia ukiongoza pikipiki nyuma na juu. Kazi ikifanyika vizuri huchukua nukta moja, na mwanafunzi hustaajabu ilikuwa wapi taabu.

Ikiwa haipandi, asiongeze nguvu bali atafute sababu. Tairi ya nyuma isiyo na upepo huishusha pikipiki, na stendi hulazimika kuipandisha mbali zaidi ya kawaida. Na hiyo ndiyo hali ya siku ya pancha. Dawa yake ni kuisukuma ili gurudumu la nyuma likae juu ya ubao wenye unene wa sentimita 2 au 3, nyayo za stendi zikibaki ardhini. Mahali penye matope nyayo huzama, hivyo ziwekewe bati au jiwe pana. Mteremko uepukwe, ikishindikana, mbele ya pikipiki ielekezwe mlimani, kwani iliyoelekezwa bondeni huweza kuteleza mbele na kutoka juu ya stendi. Viatu navyo vina sehemu yake: kandambili huteleza juu ya ulimi, na shini ndiyo hulipa.

Msaidizi akiwepo, asimame upande wa kulia na kuinua kidogo kwenye chuma cha nyuma, kwa kuhesabu pamoja na mwendeshaji. Asiguse usukani. Vilevile ajihadhari na bomba la moshi, ambalo hubaki na moto muda mrefu baada ya safari.

Kushusha ni rahisi zaidi, na kwa hiyo hufanywa kwa uzembe. Stendi ya pembeni ifunguliwe kwanza. Mwendeshaji asimame kushoto, ashike usukani kwa mikono miwili na kusukuma mbele. Gurudumu likigusa chini, abane breki ya mbele polepole, ndipo ailaze pikipiki upande wake.

Stendi yenyewe isisahauliwe. Pini zikikauka huota kutu na kukaza, kwa hiyo zipakwe grisi kila oili ya injini inapobadilishwa. Springi ndiyo ya kuangaliwa zaidi: ikilegea, stendi huning'inia, na katika kona chuma hicho huweza kukwaruza barabara na kumwangusha mwendeshaji. Pikipiki ambayo stendi yake haipandi hadi juu yenyewe isitoke ghalani mpaka springi nyingine ifungwe.