Usihesabu matoleo, uliza utahudumiwa hadi lini

Niko Mchukwi, hapa Kibiti, mkoa wa Pwani. Wale mliotuzoea tangu tulipokuwa bado wilaya ya Rufiji, tupo, tunadunda. Leo naomba tuzungumzie jambo la wenzetu wa kompyuta, ila hata wewe ambaye si mtaalamu usiondoke, maana mwisho wake linamgusa mpaka mkulima wa korosho.

Juzi mdogo wangu mmoja anayejifunza kutengeneza programu alikuja nyumbani na karatasi. Amekaa usiku mzima kapanga zana zote za kutengenezea programu, mbele ya kila moja kaandika kwa mwaka inatoa matoleo mangapi. Inayotoa mengi kaipa namba moja. Inayotoa machache kaiweka mkiani na kuandika "imekufa". Akaniambia: "Kaka, hii PHP yako iko chini kabisa. Hamia huku kwenye uhai."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Miaka michache nyuma na mimi nilikuwa na akili hiyo hiyo, na ilinitia aibu mbele ya wazee. Ngoja niwasimulie kwanza, halafu hesabu zije baadaye.

Mwaka 2021 nilikuwa nimetengeneza kiprogramu kidogo kwa ajili ya chama kimoja cha msingi cha wakulima huku kwetu. Kazi yake nyepesi tu. Mkulima analeta korosho, zinapimwa, karani anaandika jina na kilo, risiti inatoka. Bei haimo, maana bei inasubiri mnada. Kwa hiyo ile karatasi yenye kilo ndiyo ushahidi pekee mkulima anaokwenda nao nyumbani. Bila kilo, ile karatasi ni ya kufungia karanga.

Msimu uliotangulia programu ilikwenda vizuri. Kabla msimu mpya haujaanza nikaona PHP imeshafika toleo la 8. Nikasema sitaki kuachwa nyuma, nikanunua bando, nikashusha, nikaweka. Programu ikafunguka, rangi zote mahali pake, nikajaribu risiti mbili zikatoka safi. Nikaenda zangu.

Sasa basi. Ndani ya msimbo wangu kulikuwa na mstari mmoja unaosema: kama kilo ni sawa na sifuri, kataa, usitoe risiti. Kwenye PHP ya zamani, ukilinganisha nafasi tupu na sifuri jibu lilikuwa "ni sawa". Kwa hiyo karani akisahau kuandika kilo, programu ilimgomea. Toleo la 8, lililotoka Novemba 2020, likabadilisha kanuni: nafasi tupu na sifuri si sawa tena. Kwa kweli kanuni mpya ina akili zaidi. Ila mlinzi wangu wa mlangoni akawa amelala. Karani akiruka kilo kwa sababu ya foleni, risiti inatoka tu, ina jina, ina tarehe, kilo hakuna.

Siku ya kwanza zilitoka risiti 11 za namna hiyo. Kesho yake mzee mmoja akanifuata mpaka nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha karatasi. "Mwanangu, hii inasema nimeleta nini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amekodi pikipiki kuleta mzigo wake, na karatasi yangu inasema hakuleta kitu. Kilichotuokoa ni daftari la mizani. Mpimaji alikuwa mtu wa zamani, haamini kompyuta, kila gunia aliandika kwa kalamu. Tukakaa, tukawaita wote 11, tukarekebisha moja moja. Hakuna aliyepoteza kilo, lakini jina langu lilipungua uzito.

Kosa lilikuwa la nani? La kwangu. Badiliko lile lilitangazwa wazi kwenye maelezo ya toleo. Sikusoma. Nilichotazama ni namba tu: 8 ni kubwa kuliko 7, basi twende.

Turudi kwenye karatasi ya mdogo wangu. Nilikaa naye chini ya mwembe tukaipitia upya, zana kwa zana.

Rust hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 6. Ndiyo iliyokuwa namba moja kwake. Lakini tangu toleo la 1.0 la Mei 2015, wenyewe wameahidi kwamba msimbo ulioandikwa kwa 1.0 utaendelea kukubalika. Yaani wanatoa haraka, ila wanajitahidi wasikuvunjie cha zamani.

Python zamani ilitoa toleo kubwa takribani kila miezi 18. Tangu 3.9 ya Oktoba 2020 ni kila mwaka, mwezi wa Oktoba. Kila toleo hutunzwa miaka 5. Lakini vitu huondolewa humo ndani. Toleo la 3.12 la Oktoba 2023 liliondoa distutils, kifurushi cha miaka mingi, na programu zilizokitegemea zikasimama. Kwa hiyo anayetoa mara moja kwa mwaka anaweza kukuvunjia zaidi ya yule wa kila wiki 6.

Java ni kichekesho. Java 6 ilitoka Desemba 2006, Java 7 ikaja Julai 2011. Karibu miaka 5 kimya! Kwa kipimo cha mdogo wangu ilikuwa maiti, na wakati huo huo mabenki yalikuwa yanaendeshwa nayo. Tangu 2018 inatoa kila Machi na Septemba. Ila si kila toleo linatunzwa muda mrefu. Yaliyoteuliwa kutunzwa ni kama 11, 17, 21 na 25, na hayo ndiyo maofisi mengi hukaa nayo.

PHP hutoa toleo kila mwaka, mara nyingi Novemba. Hupata miaka 2 ya kurekebishwa makosa yote, halafu marekebisho ya usalama peke yake. Hayo yalikuwa mwaka 1, na kwa mpango wa 2024 yakawa miaka 2. Jumla miaka 4. Ona sasa, lile lililonivunjia mimi halikuwa toleo la kila mwaka. Lilikuwa ruko la 7 kwenda 8, na 7 yenyewe ilitoka Desemba 2015. Ukihesabu matoleo kwa mwaka, hatari ya namna hiyo huioni kabisa.

SQLite, kile kihifadhi data kilichomo ndani ya simu yako hiyo, hutoa matoleo machache kwa mwaka. Faili la toleo la 3, lililoanza 2004, linafunguka mpaka leo, na watengenezaji wamesema wanakusudia kulihudumia hadi mwaka 2050. Mdogo wangu alikuwa ameiweka namba ya pili kutoka mwisho!

Na namba zenyewe zinadanganya. Firefox ilikuwa toleo la 4 mwezi Machi 2011, ikafika 100 Mei 2022. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 na bado tunahesabu 3-nukta-kitu. Je, Firefox imekua mara 25 na Python haijakua? Wapi! Kila mmoja ana desturi yake ya kuhesabu, kama vile miaka ya Kiislamu na ya Kizungu haiendi sambamba.

Halafu kuna matoleo mengi ambayo ni ya taabu. Desemba 2021 liligunduliwa tundu baya kwenye Log4j, kipande cha Java kinachotumika kuandika kumbukumbu za programu. Likatoka 2.15.0 kuliziba. Haikutosha, likaja 2.16.0. Likaja 2.17.0. Mwezi haujaisha likaja 2.17.1. Matoleo 4 ndani ya mwezi mmoja. Kwa karatasi ya mdogo wangu hiyo ni bingwa wa dunia. Kwa mafundi wa seva ilikuwa Krismasi bila pilau. Matoleo yale yalikuwa ya lazima na ilibidi uyaweke yote, lakini usiyaite afya. Mgonjwa anayemeza dawa mara 4 kwa siku humsifii kwa kumeza.

Kwa hiyo nipime nini? Nitawapa mfano ambao uko karibu na sisi kuliko tunavyodhani.

Kuna programu inaitwa DHIS2. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na hapa Tanzania wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya nayo kazi miaka mingi. Takwimu za vituo vya afya nchini, zile zinazoanzia kwenye vitabu vya MTUHA pale zahanati, huishia humo. Mama akijifungua kwenye zahanati ya delta kule, hesabu yake inasafiri mpaka kwenye DHIS2. Juu ya mfumo huo watu hutengeneza programu zao nyingine, ndiyo maana nauweka kwenye kundi la zana.

Tazama mwendo wake. Mwaka 2017 ilitoa matoleo makubwa 3: 2.26, 2.27 na 2.28. Mwaka 2021 yakawa 2: 2.36 na 2.37. Mwaka 2023 likawa 1 tu, 2.40, na 2024 likafuata 2.41. Kwa jicho la haraka utasema inakufa. Lakini desturi yao ni kuyahudumia matoleo 3 ya mwisho. Piga hesabu: ukitoa 3 kwa mwaka, toleo uliloweka leo linatoka kwenye huduma baada ya mwaka hivi. Ukitoa 1 kwa mwaka, unakaa karibu miaka 3. Sasa fikiria wizara yenye maelfu ya vituo. Kubadili toleo ni kujaribu upya, kufundisha watu upya, kukagua kama ripoti zinatoka sawa. Ukilazimishwa kila mwaka, utakuwa unahama nyumba tu, kuishi huishi. Kupunguza matoleo hapo kuliongeza maisha.

Ndiyo maana nasema swali la "mara ngapi" ni dogo. Maswali makubwa ni haya, na nilimwandikia mdogo wangu nyuma ya karatasi yake:

1. Nikiweka toleo hili leo, litahudumiwa hadi lini? Ubuntu, kwa mfano, hutoa toleo kila Aprili na Oktoba, lakini la kawaida hutunzwa miezi 9 tu. Lile la LTS, linalotoka kila baada ya miaka 2, hutunzwa miaka 5. La Aprili 2024 linakupeleka hadi 2029. Kijijini chukua hilo.

2. Likibadilika, linavunja nini? Soma maelezo ya toleo kabla ya kushusha. Ni maandishi tu, hayali bando.

3. Marekebisho ya usalama yanakuja peke yake, au lazima nimeze na mapambo mapya? Zana nzuri inakutenganishia.

4. Naweza kulishusha mara moja nikaligawa kwa flashi? Mnakumbuka 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Mwenye nakala yake kwenye flashi aliendelea na kazi. Aliyetegemea kushusha kila asubuhi alikaa barazani.

Na msinielewe vibaya. Sisemi msisasishe. Kuna watu huku wanaona fahari kukaa na toleo la mwaka arobaini na saba, eti halisumbui. Toleo lililokwisha huduma ni mlango usio na komeo, siku mwizi akipita utajua. Marekebisho ya usalama weka mara yakitoka. Hilo ruko kubwa la toleo ndilo linalotaka siku yake, na siku hiyo isiwe katikati ya msimu.

Mimi siku hizi nina utaratibu. Ruko kubwa nalifanya kati ya Machi na Mei, mvua zinanyesha na korosho hakuna. Naweka toleo jipya kwenye laptopu ya pili, nachukua daftari la msimu uliopita, naingiza risiti 50, zikiwemo mbovu makusudi: jina bila kilo, kilo kwa herufi, nafasi tupu. Programu ikigoma pale inapotakiwa kugoma, ndiyo nahamia. Na ule mstari wangu nimeurekebisha, sasa unauliza kwanza kama kuna kitu kimeandikwa, ndipo unauliza ni kiasi gani.

Mdogo wangu karatasi yake ameichana, kaanza nyingine. Safari hii safu ya kwanza imeandikwa "Hadi lini". Mzee wa risiti naye tunasalimiana vizuri, ila kila msimu akipokea karatasi yake huisoma mpaka mwisho mbele yangu, kilo kwa sauti. Ana haki.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyie mnasasisha lini, na kuna aliyewahi kuumbuliwa na toleo jipya kama mimi? Semeni msiogope, hapa hatuchekani. Naomba kuwasilisha.