Kwa nini mguu bandia unauma, na kompyuta inasaidiaje?

Ukimuona mtu amepewa mguu bandia halafu ameuacha uvunguni, usidhani ni ukaidi. Mara nyingi unamuuma.

Tatizo kubwa ni soketi, ule mkebe mgumu unaovaliwa kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Nyama za hapo hazikuzoea kubeba uzito wa mwili. Soketi ikibana pasipofaa, ngozi inachubuka, kidonda kinaanza, na mtu anarudi kwenye magongo.

David Sengeh aliyaona haya kwao Sierra Leone, ambako vita vya 1991 hadi 2002 viliwaacha watu wengi bila mikono au miguu. Baadhi walikuwa na viungo bandia lakini hawavivai. Alipokwenda kusoma chuo cha MIT, Marekani, aliingia maabara ya Hugh Herr, ambaye naye alikatwa miguu yote miwili baada ya kukwama kwenye baridi kali mlimani mwaka 1982.

Kwa kawaida fundi huzungushia kigutu plasta, akipata umbo lake analichonga kwa mkono: hapa anapunguza, pale anaongeza. Fundi mzoefu anapatia, ila si kila mara. Plasta inamuonyesha nje tu. Ndani, kuna sehemu mfupa uko karibu kabisa na ngozi, kama kwenye ugoko, na sehemu zenye nyama ya kutosha, kama nyuma ya mguu.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Picha za MRI zinaonyesha mfupa ulipo na unene wa nyama. Kifaa kingine kinabonyeza kigutu kupima kinavyobonyea. Vipimo hivyo vinatengeneza modeli ya kigutu iliyogawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na ulaini wake. Modeli inavalishwa soketi, inawekewa uzito, na panapobana sana panaonekana. Umbo linarekebishwa kabla mtu hajaumia.

Sengeh alichapa soketi kwa printa ya 3D: laini palipo na mfupa, ngumu palipo na nyama. Mtu aliyeijaribu akitembea, shinikizo kwenye mfupa wa pembeni, chini ya goti, lilipungua.

Huyo ni mtu mmoja, lakini. Halafu kigutu chenyewe huvimba na kunywea, hata ndani ya siku moja, hivyo kipimo cha asubuhi kinaweza kisifae jioni. Na mashine ya MRI ni ghali; plasta ipo hata kwenye karakana ndogo.