Kunyoosha Viungo Nyumbani: Kila Mwili na Kipimo Chake

Msimu wa karafuu unapopamba moto, akina mama wa Jadida hukaa majamvini hadi usiku wakichambua karafuu na kutenga makonyo. Wakati wa kuinuka ndipo mgongo unapodai haki yake. Mama mmoja wa huko, aliyepindukia miaka 60, alitusimulia kwamba mjukuu wake alimwonesha mazoezi ya yoga katika simu. Akafunga mlango wa chumba, akamfuatisha binti wa kwenye simu: kichwa chini, kiuno juu. Kizunguzungu kikamwangusha. Ana shinikizo la damu, lakini siku ile hakumwambia mtu. Aliona haya, na zaidi alihofia kuambiwa kwamba ameingia katika ibada za watu wengine.

Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuidharau. Yoga ilizaliwa India, na baadhi ya mafunzo yake huambatana na matamko ya kiibada hadi leo. Novemba 2008, Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganyika na matamko hayo. Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo liliikataza yenye ibada, likairuhusu iliyo mazoezi matupu ya mwili. Novemba 2017, Saudi Arabia iliitambua kuwa miongoni mwa shughuli za michezo. Basi anayetaka kunyoosha viungo aache matamko asiyoyajua maana na ishara za kuabudu, abakie na mwili na pumzi. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Wala tusiigeuze Swala kuwa mazoezi: rukuu na sijda ni ibada, ingawa viungo navyo hunufaika.

Jambo la pili ni usalama, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Imran bin Huswayn (R.A.) alipougua bawasiri, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa, akae, akishindwa, alale ubavu. Ikiwa nguzo ya dini imempa mgonjwa nafasi, zoezi la hiari lina haki gani ya kumlazimisha bibi afanane na binti wa miaka 20?

Mwenye shinikizo la damu au presha ya macho asishushe kichwa chini ya kifua, wala asibane pumzi. Mjamzito asilalie tumbo wala asipinde kiuno kwa nguvu, na miezi ikisonga asilale chali kwa muda mrefu. Amuulize mkunga kabla ya kuanza. Mwenye kisukari atazame nyayo zake, kwani ganzi huficha jeraha. Misuli kuvutika kidogo ni kawaida. Maumivu makali, ganzi inayoshuka mguuni au kizunguzungu ni amri ya kuacha papo hapo. Kifua kikibana, aende hospitali bila ya kungoja kukuche.

Mama yetu hatimaye alimweleza binti yake, wakenda kupima presha, na mazoezi akayaanza upya kwa kipimo chake. Baada ya Alfajiri, kabla ya kuwasha moto, hutumia dakika 10. Huweka viganja ukutani usawa wa mabega, akarudi nyuma hatua moja na kuuacha mgongo unyooke. Kisha hukaa juu ya kiti kisichoyumba, akageuka taratibu kulia na kushoto huku akitoa pumzi. Humalizia kwa kuinuka kitini na kukaa tena mara 5. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwani mapaja yake ndiyo yaliyolegea. Goti likivimba, siku hiyo hupumua tu. Simu ameirejesha kwa mjukuu.

Bado anaswali juu ya kiti. Jamvini, hata hivyo, sasa huinuka bila ya kushikwa mkono, na Wete huenda kila mwezi kupima presha.