Utohoaji: Neno "Kasha" na Ndugu Zake

Mtahiniwa, chukulia uko mjini Mpanda. Dukani unalipa keshi. Benki unahudumiwa na keshia. Duka la dawa unapewa kapsuli. Nyumbani, babu anafungua kasha lenye nguo na kaseti za zamani. Maneno hayo matano yanataja vitu tofauti, lakini ni ya ukoo mmoja.

Chimbuko
Warumi walibebea magombo ya vitabu katika chombo walichokiita capsa. Kutokana na neno hilo la Kilatini, Kifaransa kilipata caisse, yaani sanduku, hasa la fedha. Kireno kilipata caixa, linalotamkwa karibu na "kaisha". Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na Kiswahili kikatohoa "kasha", kama kilivyotohoa meza, pipa na bendera.

Ndugu wengine walipitia Kiingereza. Neno cash hapo kwanza lilimaanisha sanduku la fedha, baadaye likawa fedha zenyewe. Kaseti asili yake ni "kasha dogo" kwa Kifaransa, na kapsuli ni "kisanduku" kwa Kilatini.

Tahadhari
(a) Kufanana kwa sauti si undugu. "Kesi" ya mahakamani inatokana na neno jingine la Kilatini, casus, lenye maana ya kuanguka au tukio.
(b) Kufanana kwa maana si undugu. Wafugaji nyuki wa Inyonga hutumia mizinga ya masanduku. Sanduku na kasha hukaribiana kimaana, lakini "sanduku" limetoka Kiarabu.

Jambo la kukumbuka
Baadhi ya watahiniwa huandika kwamba Kiswahili si Kibantu kwa sababu kina maneno mengi ya kigeni. Hoja hiyo huanguka ukichunguza sarufi:
Kasha langu limevunjika.
Makasha yangu yamevunjika.

Wareno husema caixas katika wingi. Sisi hatukukopa hiyo -s. Neno liliingizwa katika ngeli ya LI-YA, likapewa ma- ya wingi na upatanisho wa kisarufi kama jiwe au jani. Kilichokopwa ni msamiati. Sarufi imebaki ya Kibantu.

Swali la kujipima
"Maneno ya mkopo hayabadili asili ya lugha." Thibitisha kauli hii kwa kutunga sentensi mbili za umoja na mbili za wingi, ukitumia maneno "sanduku" na "pipa".