Sola ya Kulipa Mdogo Mdogo: Pesa ya Serikali Inaingia Wapi?

Stima haijafika kwenu, na kila jioni koroboi inakula pesa ya mafuta. Kisha siku moja wauzaji wanatokea na sola ya kulipia kwa simu. Mbona wamekuja sasa? Mara nyingine jibu ni pesa ya serikali.

Tuelezane. Kampuni huogopa kuwa ya kwanza. Nyumba ziko mbalimbali, barabara ni mbovu, na hakuna anayejua kama wateja watalipa. Kwa hivyo serikali hubeba sehemu ya gharama ya kujaribu, ili wengine waone kwamba inawezekana. Hata kutuma pesa kwa simu kulianza hivyo: M-Pesa ilifanyiwa majaribio 2005 kwa msaada wa ruzuku ya serikali ya Uingereza, kabla ya kuzinduliwa 2007.

Kwa upande wa kawi, mfano mkubwa hapa Kenya ni KOSAP, mradi wa Wizara ya Kawi ulioidhinishiwa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka wa 2017. Ulilenga kaunti 14, zikiwemo Turkana, Wajir, Kwale na Lamu. Kwa sola za nyumbani, mpango ulikuwa kampuni ilipwe kulingana na matokeo: iuze na kufunga kwanza, mkaguzi athibitishe, ndipo ruzuku itoke.

Umeona? Ruzuku ya aina hiyo inaenda kwa kampuni, si kwa laini yako. Kwa hivyo:

- Mtu akikupigia utume "ada ya usajili" ndio upate sola ya serikali, kata simu.
- Mkaguzi wa kweli atauliza kama sola inafanya kazi. PIN yako haimhusu.
- Piga hesabu ya bei yote. Shilingi 50 kila siku kwa siku 400 ni shilingi 20,000, na bado hujaweka malipo ya kwanza.
- Lipa kwa nambari ya kampuni, usitume kwa laini ya muuzaji. Na usifute ujumbe wa malipo; huo ndio ushahidi wako.

Jambo la mwisho: mradi wa serikali una mwisho, lakini deni lako linabaki. Kabla ya kuweka sahihi, uliza betri ikiharibika nani atatengeneza, na ukikosa kulipa wiki moja itakuwaje. Muuzaji akishindwa kujibu, ngoja kwanza.